Kupima wauguzi kifua kikuu: pesa kidogo zilizopo ziende wapi?

Muuguzi wa Kongo humpokea mgonjwa anayekohoa kabla ya mtu yeyote kujua kikohozi kile kinatoka wapi. Anamuuliza jina, anaandika katika daftari, anapima joto la mwili, anamwambia akae kwenye benchi angoje. Ikiwa ni kifua kikuu, watu wa kwanza kuvuta hewa ile ni yeye, mfagiaji wa chumba, mtu wa maabara, pamoja na ndugu waliokuja kulinda wagonjwa wao.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mojawapo ya nchi nane ambazo kwa pamoja zina karibu theluthi mbili ya wagonjwa wapya wote wa kifua kikuu duniani. Shirika la afya duniani, OMS, linakadiria kwamba nchini mwetu zaidi ya watu 300 katika kila wakaaji 100,000 huugua kila mwaka. Duniani kote, katika mwaka 2023, watu milioni 10.8 waliugua na wengine milioni 1.25 walikufa. Katika nchi zenye ugonjwa mwingi, wafanyakazi wa afya huugua kuliko wakaaji wengine. Nchini Malawi, uchunguzi uliofanywa katika hospitali 40 ulionyesha kwamba mwaka 1996 wafanyakazi 108 kati ya 2,979 waliandikishwa na kutibiwa kifua kikuu. Hao ni karibu 4 katika kila 100, katika mwaka mmoja tu.

Hapo swali linajileta lenyewe: kwa nini hospitali zetu hazipimi wafanyakazi wao wote mara moja kwa mwaka, kama nchi tajiri zilivyofanya kwa miaka mingi? Swali hilo ni la haki. Jibu lake lina hesabu ndani, na hesabu hiyo inafika mahali ambapo wengi hawakutegemea.

Maambukizi si ugonjwa

Kwanza lazima kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata ndani ya majengo ya afya.

Mtu anaweza kuwa na mikrobu ya kifua kikuu mwilini bila kuwa mgonjwa. Mikrobu imelala, mwili unaizuia. Mtu huyo hakohoi, hapungui uzito, wala haambukizi mtu. Hayo ndiyo maambukizi. Kati ya watu walioambukizwa, wapatao 5 hadi 10 katika kila 100 wataugua siku moja, na wengi wao huugua katika miaka michache ya kwanza baada ya kuambukizwa. Hapo ndipo unakuja ugonjwa wenyewe: kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku, kukonda. Mgonjwa asiyetibiwa huwaambukiza wale anaoishi na kufanya kazi nao.

Vipimo vyake pia ni tofauti. Ugonjwa hutafutwa katika makohozi, kwa mikroskopu au kwa mashine ya GeneXpert, na kwa picha ya kifua. Maambukizi hutafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sindano ndogo ya tuberkulini ndani ya ngozi ya mkono. Mtu anarudi baada ya saa 48 hadi 72 ili uvimbe upimwe kwa rula. Ya pili ni kipimo cha damu, kama kile kinachoitwa QuantiFERON, ambacho kinahitaji maabara yenye vifaa, umeme usiokatika na watu waliofundishwa.

Vipimo hivi viwili vya maambukizi vina udhaifu mmoja mkubwa: vinaweza kuonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na mikrobu, lakini haviwezi kueleza ni lini. Mtu aliyeambukizwa utotoni nyumbani kwa babu yake na mtu aliyeambukizwa mwezi uliopita katika chumba cha wagonjwa hupata jibu lile lile. Tena, sindano ya ngozi inaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo ya BCG, ambayo watoto wa Kongo hupewa wakizaliwa. Vipo vipimo vipya vya ngozi ambavyo havidanganywi na BCG, na OMS iliviidhinisha mwaka 2022. Hata hivyo, navyo havisemi maambukizi ni ya lini.

Kwa nini Wamarekani waliacha

Kwa miaka mingi, hospitali za Marekani zilipima wafanyakazi wao maambukizi ya kifua kikuu kila mwaka. Daktari, muuguzi, mpishi wa hospitali, karani, wote walipitia. Mwezi Mei 2019, kituo cha serikali cha kuzuia magonjwa, CDC, pamoja na chama cha wasimamizi wa mapambano dhidi ya kifua kikuu nchini humo, walibadilisha mwongozo. Sasa mfanyakazi anapimwa anapoanza kazi, kisha hapimwi tena ila akikutana na mgonjwa bila kinga au ikiwa ugonjwa unaenea katika jengo lake. Kila mwaka anapewa mafunzo na kukumbushwa dalili.

Sababu ya kwanza ilikuwa njema: kifua kikuu kilikuwa kimepungua sana. Kati ya mwaka 1991 na 2017, wagonjwa wapya nchini Marekani walishuka kutoka 10.4 hadi 2.8 kwa kila wakaaji 100,000.

Sababu ya pili ni hesabu ambayo kila mwenye kusimamia hospitali anapaswa kuijua. Tuchukue mfano wa wafanyakazi 1,000 katika nchi ambako 10 tu kati yao wana maambukizi. Tuwapime kwa kipimo kizuri, kinachowakamata 9 katika kila 10 walioambukizwa na kukosea kwa watu 2 tu katika kila 100 wasioambukizwa. Kipimo kitawapata 9 wa kweli. Lakini kitawaonyesha pia watu 20 hivi wasio na kitu kwamba wameambukizwa. Jumla ni watu 29, na theluthi mbili ya hao ni uongo. Wote 29 watapigwa picha ya kifua, wataonana na daktari, na baadhi yao watameza dawa za miezi kadhaa zinazoweza kuumiza ini, bila sababu.

Si hesabu ya karatasi tu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2014, wafanyakazi zaidi ya 2,500 wa hospitali za Marekani walipimwa mara kwa mara. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba 6 hadi 8 katika kila 100 walikuwa wamegeuka kuwa na maambukizi. Walipopimwa tena, karibu robo tatu ya hao waliogeuka walionekana hawana kitu.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo kikuu cha McGill, huko Montreal nchini Kanada, walipiga hesabu ya wafanyakazi 1,000 kwa miaka 20. Kama wanapimwa kila mwaka kwa sindano ya ngozi, watapata wagonjwa 2.68. Kama wanapimwa tu wale walio katika kazi zenye hatari kubwa, watapata 2.83. Kama wanapimwa tu baada ya kukutana na mgonjwa, 3.03. Tofauti ni ndogo mno. Lakini kumzuia mgonjwa mmoja zaidi kwa kupima watu wote kila mwaka, badala ya wale wenye hatari kubwa tu, kulifika zaidi ya dola milioni 1.7. Kwa hesabu hiyo hiyo, usumbufu wa kupima na madhara ya dawa vilikuwa vikubwa kuliko faida ya afya.

Nchi tajiri ziliacha, basi, kwa sababu zilikuwa zinatafuta sindano katika majani makavu, na kuitafuta kuligharimu kuliko sindano yenyewe.

Huku kwetu hesabu inageuka

Msomaji anaweza kusema: Marekani ina wagonjwa wachache, sisi tuna wengi, basi kwetu kipimo kitakuwa na faida. Inaonekana hivyo, lakini sivyo inavyokuwa.

Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi zenye kipato kidogo na cha kati, uliotangazwa mwaka 2006, uliona kwamba kwa wastani wafanyakazi wa afya 54 katika kila 100 tayari wana maambukizi. Tuchukue hospitali kuu ya eneo moja la afya yenye wafanyakazi 100. Tukiwapima wote, nusu yao au zaidi watapata jibu la ndiyo. Tumejifunza nini? Kwamba watu waliokulia Kongo na kufanya kazi katika hospitali ya Kongo wamekutana na mikrobu ya kifua kikuu. Hilo tulilijua kabla ya kutoboa mkono wa mtu.

Na mwaka ujao? Wale 50 hawana haja ya kupimwa tena, kwa sababu jibu lao kwa kawaida litabaki lile lile hata wakiambukizwa upya. Kipimo hakiwezi kuwalinda tena.

Mtu mwingine atasema: tuwape wote dawa ya kuzuia. Dawa hiyo ipo. Tiba ya wiki 12, ambayo mtu humeza mara moja kwa wiki, ilikuwa na bei ya dola 45. Mwezi Oktoba 2019 makubaliano kati ya Unitaid, Mfuko wa Dunia na kampuni ya Sanofi yaliishusha hadi dola 15 kwa nchi za kipato kidogo na cha kati. Kwa bei hiyo, dawa peke yake kwa watu 50 ni dola 750. Kwa hospitali inayoishi na pesa za wagonjwa, hizo ni pesa nyingi, ila bado zinaweza kutafutwa.

Tatizo ni kinachofuata. Wasomaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi watauelewa vizuri mfano huu wa migodini. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, maelfu na maelfu ya wachimbaji walipewa dawa ya isoniazidi kwa miezi tisa, walioambukizwa au wasioambukizwa, ili kukata mzizi wa kifua kikuu chini ya ardhi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Wakati wachimbaji walipokuwa wanameza dawa, walilindwa. Walipomaliza, kinga ilipotea haraka, na kwa jumla ugonjwa katika migodi haukupungua. Waliambukizwa ni wale wale, wakirudi katika hewa ile ile.

Muuguzi anayemaliza wiki 12 za dawa na kurudi katika chumba kilichofungwa chenye wagonjwa wanaokohoa hana tofauti kubwa na mchimbaji yule.

Kuna kundi moja ambalo hesabu hii haiwagusi: wafanyakazi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwao hatari ya kuugua ni kubwa mno, na OMS inashauri wapewe dawa ya kuzuia hata bila kupimwa maambukizi, mradi imehakikishwa kwamba hawana ugonjwa wenyewe. Hao wanastahili kupata dawa hiyo kwa siri, bila kulazimika kumweleza mkuu wa kazi hali yao, na wakiomba kuhamishwa kutoka chumba cha wagonjwa wa kifua wahamishwe bila maswali.

Pale kipimo kinapofaa

Je, kipimo cha maambukizi hakina kazi kabisa Afrika? Kinayo, lakini si ile tunayoifikiria.

Mjini Harare, nchini Zimbabwe, watafiti waliwafuata wanafunzi wa uuguzi na wanafunzi wa chuo cha ufundi wa mji ule ule. Wote walikuwa vijana, waliishi katika jamii moja, na walipoanza walikuwa hawana maambukizi. Kwa wanafunzi wa ufundi, katika kila 100 kwa mwaka, 6 waligeuka kuwa na maambukizi. Kwa wanafunzi wa uuguzi walikuwa 19.

Tofauti hiyo ya 13 ina maana kubwa. Haikutoka nyumbani, sokoni wala katika basi. Ilitoka katika vyumba vya hospitali.

Hapo kipimo kimefanya kazi ya kupima jengo. Hospitali au chuo cha uuguzi kinachotaka kujua hewa yake ikoje kinaweza kupima wanafunzi wanaoingia, kisha kuwapima tena, mwaka hadi mwaka, wale tu ambao jibu lao lilikuwa hapana. Hao ni wachache, na gharama ni ndogo. Wengi wakigeuka, ni jengo linalougua. Na mwanafunzi aliyegeuka karibuni ndiye hasa anayepata faida ya dawa ya kuzuia, kwa sababu miaka yake ya hatari ndiyo inaanza.

Lakini kupima joto la mwili hakutibu homa. Baada ya kujua kwamba jengo ni gonjwa, lazima pesa zibaki za kulitibu.

Dirisha, benchi na katriji

Mjini Lima, nchini Peru, watafiti walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali nane. Matokeo yao ya mwaka 2007 yaliwashangaza wengi. Katika vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa. Katika vyumba vya kisasa vyenye mashine za kuvuta hewa, ilibadilika mara 12. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalikuwa bora kuliko yote. Kwa hesabu yao, mtu anayekaa siku nzima na wagonjwa wasiotibiwa angeambukizwa mara 39 katika 100 ndani ya chumba cha mashine, mara 33 katika jengo jipya la madirisha, na mara 11 tu katika jengo la zamani.

Kongo ina majengo mengi ya namna hiyo, yenye dari za juu na veranda pana. Mara nyingi tunayaona kuwa ya aibu, na pesa zikipatikana tunagawanya vyumba kwa mbao, tunashusha dari, tunafunga madirisha kwa sababu ya mbu, wezi au baridi ya usiku. Kila moja ya sababu hizo inaeleweka. Lakini inafaa kujua kinachouzwa pamoja nayo. Nondo za dirisha na wavu wa mbu huzuia wezi na mbu bila kufunga hewa. Bei yao anaijua fundi wa mtaani.

Watafiti hao hao wa Lima walirudi baadaye kurekebisha vyumba vya kungojea na vya kuonana na daktari: kufungua tundu juu ya paa, kupanua dirisha, kuondoa kioo kisichofunguka. Kazi hizo ziligharimu kati ya dola 75 na dola 3,000 hivi, na hatari ya kuambukizwa, kwa hesabu yao, ilishuka kwa asilimia 72. Kazi ya namna hiyo hufanyika mara moja. Sindano za kupima watu hununuliwa upya kila mwaka.

La pili ni benchi. Mgonjwa anayekohoa hana sababu ya kungoja saa tatu katikati ya wajawazito na watoto wa chanjo. Mtu mmoja mlangoni anayeuliza kila anayeingia kama anakohoa, anayempa kitambaa au barakoa na kumpeleka kwenye benchi la nje chini ya paa, hagharimu zaidi ya mshahara alionao tayari. OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 juu ya kuzuia maambukizi ya kifua kikuu, inaweka hatua hizi mbele: kuwatambua mapema wanaokohoa, kuwatenga, kuwaanzishia dawa haraka. Baada ya hapo zinafuata hewa ya vyumba na barakoa za FFP2 au N95 kwa wafanyakazi. Barakoa ya kawaida ya kitambaa humsaidia mgonjwa kutosambaza mate, lakini haimlindi muuguzi asivute mikrobu.

La tatu ni katriji. Mgonjwa hatari kuliko wote hospitalini ni yule ambaye hajajulikana bado, kwa sababu aliyeanza dawa zinazomfaa huacha kuambukiza upesi. Mwezi Septemba 2023, bei ya katriji moja ya GeneXpert kwa nchi kama yetu ilishushwa kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97. Turudi kwa hospitali yetu ya wafanyakazi 100. Tuseme kila mwezi mkuu wa wauguzi anawauliza wote maswali manne: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umekonda? Tuseme katika mwaka, 10 wanapelekwa kupimwa makohozi. Katriji 10 ni dola 79.70. Hata tukiongeza usafiri wa makohozi hadi mahali penye mashine, hatufiki hata robo ya zile dola 750 za dawa ya kuzuia. Tena kwa kawaida katriji hizi hazinunuliwi na hospitali. Hutolewa kupitia programu ya taifa ya kupambana na kifua kikuu, PNLT.

Maswali manne kwa mwezi, kwa watu 100, yanahitaji daftari moja na kalamu. Hakuna kipimo kingine cha kifua kikuu chenye bei hiyo.

Gharama isiyoandikwa popote

Lakini daftari hilo litabaki tupu ikiwa muuguzi ana sababu ya kusema uongo. Wengi wanayo.

Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa afya nchini hawalipwi mshahara wa serikali. Wanaishi na primu, ikitoka, na kwa mgao wa pesa ambazo wagonjwa wamelipa mwishoni mwa mwezi. Mgao huo hupewa aliyekuwepo kazini. Mashariki mambo yaliongezeka ugumu baada ya M23 kuuteka mji wa Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata: benki zilifunga milango, na hata mwenye mshahara alitafuta njia ya kuufikia.

Tumfikirie muuguzi wa namna hiyo akianza kukohoa. Dawa za kifua kikuu ni za bure nchini, hilo analijua kuliko mtu yeyote. Anajua pia kwamba akijulikana atapumzishwa wiki kadhaa, atatoka kwenye orodha ya mgao, wenzake watamkwepa, na mwenye nyumba hatangoja. Basi anakunywa sharubati ya kikohozi, anavaa barakoa kama kila siku, anaendelea na zamu. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Amepiga hesabu yake, na kwa mtu mwenye watoto wanne hesabu ile ni sahihi. Wanaoilipa ni watoto wachanga wa chumba cha uzazi na wenzake wa zamu.

Tafiti za OMS katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba karibu nusu ya familia zenye mgonjwa wa kifua kikuu hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka, hata pale dawa ni za bure. Chakula, safari na siku zisizo na kazi ndivyo vinavyokula pesa. Mfanyakazi wa afya hakutengwa na hesabu hiyo.

Kwa sheria, mlango upo. Shirika la kazi duniani, OIT, limeweka kifua kikuu katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010. Nchini, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya hifadhi ya jamii ina tawi la ajali na magonjwa ya kazini, na mchango wa tawi hilo hulipwa na mwajiri peke yake kwa CNSS. Lakini ili mlango ufunguke, mtu lazima awe ameandikishwa. Muuguzi asiye na namba ya serikali, asiye na mkataba, anayelipwa kutoka katika bahasha ya mwisho wa mwezi, atathibitishaje kwamba aliugua kazini? Na kwa mwajiri yupi?

Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika suala hili, na haimo katika bajeti yoyote ya vipimo. Hospitali inayotangaza kwamba mfanyakazi mwenye kifua kikuu atabaki kwenye orodha ya mgao mpaka apone itapata wagonjwa wake mapema. Hospitali isiyofanya hivyo inaweza kununua mashine za bei yoyote; kikohozi kitaendelea kufichwa.

Pia ni hesabu inayobebeka. Katika watu 100, hata wakiugua wawili kwa mwaka, kugawa sehemu zao mbili kati ya watu 98 waliobaki ni asilimia 2 ya mfuko wa mwezi, na kwa muda mfupi, kwa kuwa mwenye kifua kikuu cha kawaida haambukizi tena baada ya wiki chache za dawa na anaweza kurudi kazini huku akiendelea na tiba yake ya miezi sita.

Wakati pesa za nje zinapungua

Mjadala huu haukuja wakati wa neema. OMS ilitangaza mwezi Machi 2025 kwamba Marekani ilikuwa ikitoa kati ya dola milioni 200 na 250 kila mwaka moja kwa moja kwa mapambano dhidi ya kifua kikuu katika nchi mbalimbali, yaani karibu robo ya misaada yote ya kimataifa kwa ugonjwa huu, na kwamba kukatwa kwake kunavuruga dawa, maabara na watumishi. Kongo imo katika nchi zilizotegemea sana mifuko hiyo.

Pesa zikipungua, hatari ni kukata vitu visivyoonekana na kubakiza vile vinavyopigwa picha. Siku ya kupima wafanyakazi wote hupendeza kwa kamera. Dirisha lililo wazi halina sherehe, na muuguzi aliyelipwa wakati anaumwa hakatiwi utepe.

Kwa hiyo, mganga mkuu wa eneo la afya mwenye dola chache anaweza kuzipanga hivi. Kwanza, zile zisizohitaji pesa: maswali manne kila mwezi, benchi la nje kwa wanaokohoa, madirisha wazi wakati wa zamu, na uamuzi ulioandikwa na kusainiwa kwamba anayeugua hapotezi mgao wake. Pili, zile za pesa ndogo: kusafirisha makohozi hadi kwenye GeneXpert, nondo na wavu wa mbu, barakoa za FFP2 kwa chumba cha wagonjwa wa kifua na kwa maabara kabla ya idara nyingine. Tatu, fundi na paa. Nne, na mwisho, kipimo cha maambukizi, kwa wanafunzi na wafanyakazi wapya tu, ili kujua kama hayo yote yamezaa matunda.

Na wauguzi wenyewe, pamoja na vyama vyao vya wafanyakazi, wanapokaa mezani kudai haki zao, wasidai kipimo peke yake. Wadai kwanza waandikishwe. Kipimo kitamwambia muuguzi kwamba ameambukizwa; karatasi ya kuandikishwa ndiyo itakayomwambia nani atawalisha watoto wake akiumwa.